Kuchagua Mbwa: Somo Nililolipata Uzeeni



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka waliponiomba niandike, walidhani nitaandika juu ya chuo au juu ya skuli, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu. Nami nimeamua kuandika juu ya mbwa. Najua wapo watakaofunga ukurasa hapa hapa, na wapo watakaocheka waseme mwalimu kazeeka kweli. Lakini najua pia kwamba swali hili limeshabisha hodi katika nyumba zetu nyingi huku Uingereza: watoto wanataka mbwa, wazee hawataki, na walio katikati hawajui waseme nini. Kwetu sisi swali hilo lilikaribia kuwatenga bibi na mjukuu wake. Kwa hiyo nimeona niyaseme niliyoyaona, mwenye kufaidika afaidike.

Kwanza nieleze nilikotoka. Nimelelewa Unguja mjini, nikasoma chuoni kabla ya kuingia skuli. Mbwa tuliyemjua ni mbwa koko wa jaani, na hukumu yake tuliihifadhi kabla hatujaweza kuandika majina yetu vizuri: ute wake ukikupata, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wengine niliowajua ni wa mjomba wangu kule kusini, upande wa Makunduchi. Mjomba alikuwa msasi. Wasasi wa kule hutoka makundi na mbwa wao kuwasaka nguruwe mwitu wanaofukua mihogo ya watu. Mbwa wale walilala nje na kula nje, hawakuvuka kizingiti hata siku moja. Lakini mjomba alimjua kila mmoja kwa tabia yake, huyu wa kunusa, huyu wa mbio, huyu wa kutangulia kwenye kichaka. Siku moja nilimwonyesha mmoja mwenye mabaka mazuri, nikamwambia, "Mjomba, huyu ndiye bora." Akanijibu, "Mwanangu, rangi hailiki. Niulize anafanya kazi gani." Neno hilo lilinipita. Limenirudia baada ya zaidi ya miaka hamsini, katika mji wa Northampton.

MBWA WA KWANZA

Mwanangu wa pili anakaa Northampton na mkewe na watoto watatu. Ni watu wasiotulia. Mkwe wangu ni muuguzi wa hospitali, na ana mazoea ya kutoka kwenda mbio alfajiri kabla ya zamu yake. Mjukuu wangu mwanamume anakimbia mbio za nyika za skuli. Dada yake anapanda baiskeli, na mdogo wao hupanda kila kitu kinachopandika.

Katika kiangazi cha 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mwanangu aliona tangazo katika simu akanunua mbwa. Hakumwuliza mtu. Alikuwa mtoto wa mbwa wa namna inayoitwa weimarana, mbwa wa kuwinda wa Ujerumani, mrefu, wa manyoya mafupi ya rangi ya fedha na macho ya kahawia hafifu. Sisemi uongo, alikuwa mzuri wa kutazama. Watoto walimpenda mapenzi ya kulala naye na kuamka naye, hasa yule msichana, aliyekuwa na miaka kumi.

Matatizo yalikuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mke wangu. Yeye ni mtu wa msala na tasbihi, na nyumba ile mbwa alipita kila mahali: jikoni, ukumbini, juu ya makochi, mpaka chumba cha kusalia. Mke wangu akasema hatatia mguu humo. Idd zilipita mbili, vyakula vikapokelewa getini, sahani zikarudi getini. Mlango wa pili ulifunguka watu waliporudi makazini na watoto skuli. Weimarana ni mbwa aliyefugwa awe pamoja na mwindaji kutwa nzima. Hapendi upweke, na ana nguvu ambazo lazima zitoke. Huyu alibaki peke yake saa nane. Alitafuna mlango wa jikoni, akapasua zulia, akalia mpaka majirani wakaandika barua. Mwaka 2021, majani yalipoanza kupukutika, mwanangu alimpeleka kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Watu wa pale walimpokea bila kumlaumu, na baadaye tukaambiwa kapata watu wenye shamba.

Mjukuu wangu wa kike hakumlaumu baba yake. Alimlaumu bibi yake. Katika akili ya mtoto, mbwa alifukuzwa kwa sababu bibi hakumtaka. Mke wangu alipoingia nyumba ile tena, mtoto alimpa mkono kwa adabu, akapanda juu chumbani, hakushuka mpaka tulipoondoka. Ikawa hivyo mwaka mzima. Mke wangu hakusema neno, lakini siku moja ndani ya gari aliniambia, "Mwalimu, nimekosa nini mimi? Nilisema siingii, sikusema atupwe."

NAPEWA KAZI

Mwaka uliofuata, 2022, watoto walianza tena kuomba mbwa. Mwanangu kaungua mara moja, hakutaka hata kusikia. Hapo mjukuu wangu wa kike, wakati huo ana miaka kumi na miwili, akaja kwangu na hoja ambayo sijapata kuisikia kwa mwanafunzi yeyote katika miaka yangu ya kusomesha. Alisema, "Babu, baba alichagua kwa macho. Wewe hupendi mbwa, kwa hiyo macho yako hayatakudanganya. Chagua wewe. Na ukisema hakuna anayetufaa, mimi nitanyamaza."

Sikuwa na jibu. Nikasema nitazame.

Jambo la kwanza nililofanya si kusoma vitabu vya mbwa. Nilimchukua mwanangu tukaenda kwa sheikh wetu. Mimi si mwanachuoni, na sitaki mtu achukue fatwa katika makala ya mwalimu wa hisabati. Nitasema tu yanayojulikana. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunahesabu mbwa najisi, na ute wake una josho nililolitaja. Imamu Malik kaona mbwa mwenyewe ni tohara. Wafuasi wa Abu Hanifa wengi wametofautisha ute na manyoya. Wote wanasoma Sura ya Maida inayohalalisha kilichokamatwa na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa, na wote wanasoma habari za mbwa aliyelala kizingitini mwa pango katika Sura ya Kahf. Na hadithi ziko wazi kwamba kumfuga bila haja kunapunguza thawabu, ila wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na wapo wanavyuoni waliopima ulinzi katika mizani hiyo hiyo. Haja inapokuwa kubwa watu hutafuta njia: mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa anayemwongoza, mbwa akatengewa pahala pake pa kusubiri.

Sheikh alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Ana kazi gani?" Nikamkumbuka mjomba wangu. Mwanangu akajibu kwamba mkewe anatoka peke yake saa kumi na moja alfajiri, kiza, njia tupu, na roho yake haitulii mpaka arudi. Sheikh akasema hilo ni jambo la kuzungumzwa. La kumfanya mwanasesere wa watoto halizungumziki. Akatupa sharti kwamba awe na pahala pake, msala uwe na pahala pake, na mnyama asidhulumiwe kwa njaa wala upweke.

MASHARTI SABA

Niliporudi nyumbani nilichukua daftari la mraba, nikachora jedwali kama la darasani. Juu niliandika majina ya mbwa, ubavuni masharti. Nayo ni haya:

1. Awe mkubwa, ili anayemwona gizani afikiri mara mbili.
2. Awe na manyoya mafupi, yasiyopukutika kila pahala.
3. Awe na kinywa kikavu. Kwa Shafi hili ni kubwa kuliko manyoya.
4. Aweze kubaki peke yake saa chache bila ya kuingiwa na wazimu. Wataalamu wengi hapa hushauri zisizidi saa nne.
5. Asiwe mkali kwa wageni, kwani nyumba zetu hazikosi wageni.
6. Mwendo wake ulingane na mwendo wa nyumba.
7. Afya yake ijulikane, na gharama zake zihimilike.

Kisha nikaenda maktaba, na kwa kuwa nina muda, nikawa nazungumza na kila mwenye mbwa katika bustani ya Abington Park. Waingereza hawazungumzi na mtu wasiyemjua, ila ukimwuliza habari za mbwa wake hutaondoka upesi.

Niliyempa alama za juu mwanzoni ni labrado. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada. Chama cha mbwa cha Uingereza kilimtambua mwaka 1903. Ni mpole, msikivu, apenda maji, na ndiye anayetumika sana kuwaongoza vipofu. Lakini watu husema ana manyoya mafupi wakasahau kwamba yako tabaka mbili, na yanapukutika mwaka mzima. Nguo nyeusi na msala havisalimiki. Tena ni mlafi. Watafiti wa Cambridge walieleza mwaka 2016 kwamba kiasi cha robo ya labrado wana kasoro ya kurithi inayowafanya wahisi njaa zaidi. Nyumba yenye bibi wa kuwarushia watu vitumbua haifai mbwa asiyejua kushiba. Tena nyonga zake huwa na matatizo. Madaktari wa wanyama wa hapa huzipiga picha na kuzipa alama kutoka 0 mpaka 106, na kadiri alama zinavyokuwa ndogo ndivyo nyonga zilivyo nzima. Kwangu mimi mtihani wenye sifuri kuwa ndiyo alama bora ulikuwa mgeni.

Boksa, wa Kijerumani, ni mchangamfu na apenda watoto, lakini ana pua fupi inayomsumbua wakati wa joto, na udenda wake hutoka mpaka miguuni mwa mgeni. Kwa sharti la tatu akaanguka. Mbwa mkubwa kabisa anayeitwa dane nilimwona kwa macho yangu, kichwa chake kinafika mezani bila kunyanyuka. Dume huzidi kilo 50, na kwa kawaida hawaishi miaka mingi, wengi hawafiki kumi. Kumpa mtoto mnyama wa kumzika mapema, nikaona sivyo.

Dobamani kapata jina lake kwa mtoza kodi wa mji wa Apolda, Ujerumani, aliyetaka mbwa wa kumlinda na fedha zake. Ni mwerevu na manyoya yake ni kama mahameli, lakini moyo wake una ugonjwa wa kutanuka unaowapata wengi, na huhitaji mfunzaji mwenye mkono wa uzoefu. Dalmeshia, yule wa madoadoa, aliwahi kukimbia pamoja na magari ya farasi. Pumzi yake haikatiki, lakini wapo wanaozaliwa viziwi, na manyoya yake meupe yanachoma kwenye nguo kama sindano. Vizla wa Hungaria ni mzuri na mkavu wa kinywa, lakini ananata kwa mtu wake kama kivuli. Tulishaonja upweke wa weimarana, na huyu ni binamu yake kwa tabia.

Niliyemsitia kumwacha ni rijibeki wa kusini mwa Afrika, mwenye mstari wa manyoya mgongoni uliogeukia mbele. Damu yake imechanganya mbwa wa Wakhoikhoi na mbwa wa walowezi, na sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922. Alitumika kumzuia simba pahala pamoja mpaka mwindaji afike. Nilimpenda kwa uzalendo tu, nikajikamata: rangi hailiki! Ni mbwa wa kilo 36 na zaidi, mwenye rai yake mwenyewe, na nyumba ile haikuwa na mtu wa kumshinda rai.

Neno moja la sheria niliingize hapa, kwa kuwa vijana wetu wengine wanavutwa na mbwa wa kutisha. Namna inayoitwa XL Bully, nayo ni kubwa na ya manyoya mafupi, tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga Uingereza na Wales bila ya cheti maalumu cha msamaha. Msinunue mbwa kwa kuambiwa "amechanganywa tu". Polisi hutazama umbo, hawatazami maneno ya muuzaji.

MTIHANI WA MBWA HEWA

Sharti la sita lilinikwamisha. Mwendo wa nyumba ni upi? Kila mtu aliniambia, "Babu, sisi ni watu wa mazoezi." Nimesahihisha madaftari miaka mingi, mtu akiniambia kasoma, namwambia anionyeshe kazi yake.

Basi mwezi wa Novemba 2022 nilinunua ukanda wa kumwongozea mbwa, nikautundika nyuma ya mlango wao. Nikawaambia: kwa siku thelathini mtamtembeza mbwa hewa. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, mvua inyeshe isinyeshe. Anayetoka auchukue ukanda mfukoni, akirudi aandike saa na dakika katika daftari, na sahihi yake. Baba yao alicheka. Mkwe wangu hakucheka, yeye alijua.

Siku thelathini zilipokwisha nilikusanya daftari nikapiga hesabu. Kijana wa mbio, aliyetaka mbwa wa kwenda naye maili sita, alitoka siku kumi na moja. Baba, siku tisa. Mdogo alitoka mara nne, na mara mbili aliandika kwamba mbwa hewa kapotea. Mkwe wangu alikosa siku tatu tu, za zamu ya usiku. Na msichana hakukosa hata jioni moja. Kuna jioni aliandika "mvua ya mawe, dakika 25". Ukichanganya wote, mwendo halisi wa nyumba ile ulikuwa nusu saa alfajiri, nusu saa jioni, na matembezi marefu Jumamosi na Jumapili. Si nyumba ya mbwa wa kuwinda kutwa. Mbwa wa namna hiyo wangemrudisha wa pili, na mtoto angevunjika mara ya pili.

Ndugu zangu, katika yote niliyoandika, kama mtachukua moja, chukueni hili. Ukanda mtupu hauna gharama, na siku thelathini za Novemba zitawaambia ukweli ambao hamtauambiana wenyewe.

MKIMBIAJI ANAYEPENDA KULALA

Nilipoitazama jedwali tena kwa hesabu ile mpya, jina lililobaki lilikuwa la mbwa ambaye nilikuwa nimemfuta siku ya kwanza: greihaundi, mbwa wa mashindano. Nilidhani mbwa anayekimbia karibu kilomita 70 kwa saa atataka kukimbia daima. Kumbe mambo ni kinyume. Huyo ni mkimbiaji wa masafa mafupi; anatoka kama mshale kwa muda mdogo, kisha analala. Analala sana. Wenyewe wanamtania kuwa ni mvivu mwenye mbio kuliko wote duniani. Nusu saa mara mbili kwa siku humtosha.

Manyoya yake ni mafupi kabisa na membamba, kinywa kikavu, habweki ovyo. Dume lake hufika sentimita 71 mpaka 76 begani. Na jambo ambalo sikulijua ni kwamba kila mwaka mbwa wengi wa mashindano hustaafu wakiwa bado vijana, miaka mitatu, minne, mitano, na wanatafutiwa nyumba. Lipo shirika la Greyhound Trust lililoanzishwa mwaka 1975 kwa kazi hiyo hiyo. Mimi mwenyewe mstaafu, hapo nikaona haya kumkataa mstaafu mwenzangu.

Ana aibu zake, lazima niziseme. Kazi ya maisha yake ni kufukuza kitu kinachokimbia, kwa hiyo usimfungue ukanda pahala pasipo na uzio, na mwenye paka afikiri sana. Hana mafuta mwilini. Baridi humpata, huvishwa koti, na ngozi yake nyembamba huchanika upesi. Meno yake mara nyingi mabovu. Na hakupata kuishi nyumbani: hajui kioo cha mlango, hajui mashine ya kufulia, hajui ngazi.

Hapo kwenye ngazi nilisimama. Nyumba ya mwanangu ina vyumba juu na chini. Nikamwuliza mama mmoja wa lile shirika, "Hawezi kupanda kabisa?" Akasema wengi hawajui mpaka wafundishwe kwa subira, mguu mmoja mmoja. Nikamwambia, "Basi huyu hatafundishwa."

Mwezi wa Februari 2023 walimchukua jike mweusi wa miaka minne, mwenye alama za wino ndani ya masikio kama walivyo mbwa wote wa mashindano. Tulipanga hivi. Chumba cha nyuma kilichoungana na jikoni kikawa chake, na mlango wake wa nje. Chumba cha kusalia kikahamishiwa juu, na msala haushuki. Nguo za kumtembezea zinatundikwa kule kule nyuma. Chombo chake cha chakula hakioshwi pamoja na vyombo vya watu, na ndoo ndogo ya udongo safi imewekwa kando ya bomba la nje. Wajukuu wangu leo wanajua josho la mara saba kuliko watoto wengi waliolisoma kitabuni tu.

Palitokea ugomvi mmoja, wa jina. Kijana alisoma kwamba mbwa wa watu wa pangoni anatajwa na wafasiri kwa jina la Kitmiri, akataka huyu aitwe hivyo. Mke wangu alipopata habari alipiga simu usiku ule ule: "Kitimiri kwetu ni jina la jini! Mnataka kumkaribisha na mwengine?" Akaitwa Kaniki, kwa weusi wake, na amani ikarudi.

BIBI NA MAJI

Sikumshurutisha mke wangu kwenda. Nilimweleza mpango, nikamchorea ramani ya nyumba kwenye bahasha, nikamwachia. Idd el Fitri ilipita, hakwenda. Idd el Hajj ya mwaka ule, mwishoni mwa Juni, alivaa, akabeba sahani yake ya mkate wa kumimina, akasema, "Twende tukaone hiyo ngazi."

Aliingia kwa mlango wa mbele. Aliposimama ukumbini alimwona Kaniki kwa mbali, kalala chumbani mwake nyuma ya kizuizi, kajinyoosha kama aliyekufa. Hakuinua hata kichwa. Mke wangu alipanda juu, akasali Adhuhuri, akakaa huko kitambo. Joto lilikuwa kali siku ile. Aliposhuka alipitia jikoni, akatazama juu ya kizuizi, nasi tuko kimya tunasubiri.

Akaita, "Nani mwenye kazi ya mnyama huyu?"

Mjukuu wangu akasema, "Mimi, bibi." Nadhani yalikuwa maneno yake mawili ya kwanza kwa bibi yake, yasiyokuwa ya salamu, kwa muda mrefu.

"Chombo chake kikavu. Mpe maji. Hukusomeshwa habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu? Njoo, mimi nitafungua bomba, wewe ushike chombo, mimi nisiguse."

Wakatoka wawili uani. Sikuwafuata. Waliporudi, mke wangu alikuwa akiuliza kwa nini masikio yameandikwa, na mtoto anaeleza. Hawakukumbatiana, wala hapakuwa na machozi. Lakini mtoto hakupanda juu mpaka tulipoondoka.

MANENO YA MWISHO

Kwa watakaotaka kufuga, haya ndiyo ninayowausia. Anzeni na wazee wenu na sheikh wenu, msiwape habari mambo yakiwa yameshakwisha. Tembezeni mbwa hewa. Mkichukua mtoto wa mbwa, mwoneni pamoja na mama yake, pahala alipozaliwa, naye awe ametimia wiki nane. Uingereza tangu Aprili 2020 muuzaji wa katikati haruhusiwi kuuza mbwa asiyefika miezi sita, na sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya matangazo kama lile lililomnasa mwanangu. Hakikisheni ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ambayo ni lazima tangu Aprili 2016, na shingoni awe na jina na anwani yenu kila atokapo. Wekeni akiba ya daktari wa wanyama kabla ya kununua hata kitanda chake. Na msimdharau mbwa mzima aliyetafutiwa nyumba. Tabia yake imeshajulikana, hamchezi bahati nasibu.

Na kwa watakaoona kwamba nyumba yao haina haja wala nafasi, hao nao wamechagua sawa. Mjukuu wangu aliniahidi kunyamaza kama ningesema hapana, nami naamini angenyamaza.

Kaniki sasa ana mvi usoni. Alfajiri hutoka na mkwe wangu, na mwanangu hulala. Jioni hutoka na msichana, dakika thelathini, na daftari bado linaandikwa. Mimi sijamgusa mpaka leo. Lakini nikipita uani huinua kichwa, nami humwambia, "Mstaafu, hujambo?"

Wassalamu alaikum.